Mbuzi wa Nzilani

Ulikuwepo. Usitikise kichwa, ulikuwepo. Siku ile kule Katelembo walipomshusha Nzilani, binti wa Mzee Wathome, mwenye kipaza sauti aliuliza kama kuna mume wa marehemu wa kurusha udongo. Ukaona kijana mmoja ameinua mguu, kisha akaurudisha palepale. Ulimjua. Ulijua kwamba yeye na marehemu walikaa nyumba moja Mlolongo, kitanda kimoja, sufuria moja. Ungesema neno. Badala yake ukainama ukajifanya unafunga kamba ya kiatu. Ndugu zake marehemu wakarusha udongo wao, kwaya ikaendelea, na wewe ukaenda kupanga foleni ya chakula.

Wengine hatukusahau. Na kama ulidhani mambo yale yalifukiwa na lile jembe la mwisho, basi kaa chini usikie yaliyotokea Mumbuni, Ijumaa moja mchana, kwa msichana ambaye hakuwa na hatia yoyote.

Msichana huyo aliitwa Ndanu. Alikuwa na chumba cha kukodi nyuma ya kibanda cha mama yake, Mutheu, anayepika chapati pale Mumbuni mpaka wenye magari wanasimama. Ndani ya chumba hicho Ndanu alifundisha Kiingereza watu wazima waliotaka kwenda ng'ambo kutunza wazee. Hakuwa anafundisha kile cha shuleni kilichoingizwa kwa kiboko. Hicho walikuwa nacho tele. Alifundisha kile cha kuongea na mtu jikoni asubuhi bila yeye kukukodolea macho.

Maneno makubwa hayakuwasumbua wanafunzi wake. Waliangushwa na yale madogo. Mkamba akisema mlango, amesema mlango, na Mswahili vilevile. Mwingereza hakubali. Kwake lazima utangaze kwanza kama ni mlango ambao wewe na mwenzako mnaujua, au ni mlango wowote tu wa dunia. Watu walikariri kanuni hizo mpaka wakaumwa na kichwa, na mtihani ukawarudisha. Ndanu akawaambia waache kukariri. "Sikieni wimbo wake," alisema. "Mtoto hakuuliza kanuni. Alisikia mama yake akiongea, akafuata."

Wimbo wenyewe ulitoka kwenye simu ya mwalimu. Yalikuwa masomo yaliyorekodiwa na mwanamke asiyetajwa jina, ambayo Ndanu alibaki nayo shule aliyokuwa akifundisha Nairobi ilipofunga milango. Ilikuwa sauti nyororo, ya mtu asiye na haraka. Ilikuwa na tabia ya kusita kidogo kabla ya neno la mwisho, kama mtu anayepapasa ufunguo ndani ya mkoba. Kuna somo moja ambalo darasa zima lilipenda. Mwanamke anatoka nyumbani, anamwambia anayebaki: "Leave the light on. I'll be back in a minute." Yaani aache taa ikiwaka, anarudi sasa hivi. Halafu mlango unasikika.

Na kuna mwanafunzi mmoja ambaye somo hilo lilimshinda kila siku. Huyo ni Kyalo, kijana mrefu anayeuza mawe ya ujenzi karibu na stendi, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi hata akioga.

"Leave light on," angesema.

"*The* light, Kyalo. Ni taa ya hapo nyumbani. Nyinyi wawili mnaijua."

"Leave a light on."

Darasa lingecheka. Ndanu angerudisha sauti mwanzo, mara moja, mara nyingine, na Kyalo angefumba macho akisikiliza, uso wake umelegea kama wa mtu aliyewekewa kitambaa baridi kwenye homa.

Mwalimu alimpenda kwa ajili ya macho yale yaliyofumbwa. Mwanamume mzima, mwenye mikono ya kubeba mawe, anakubali kuchekwa mbele ya watu na bado anarudi kesho. Kyalo alianza kubaki baada ya darasa. Alirekebisha dirisha. Alimtekea Mutheu maji. Siku moja alimshika Ndanu mkono wakati wa kuagana akasahau kuuachia, wakabaki hivyo mpaka Mutheu akakohoa huko nje. Baada ya hapo maneno yalienda haraka. Wazee wakaulizana. Mjomba wa Kyalo, Bartholomew wa kule Mua, akatuma salamu kwamba Jumamosi atakuja Mumbuni na mbuzi wa ntheo.

Unawajua mbuzi hao. Ndio wanaomfanya mwanamke wa Kikamba kuwa mke wa mtu. Mkae pamoja hadi mzeeke, mzae, mjenge. Kama mbuzi wa ntheo hawajaingia kwa baba yake, huyo ni mgeni wako tu, na akifa kwao wanakuja kumchukua. Na mwanamume hajipeleki. Wazee wa ukoo wake ndio hutangulia langoni wakasema tumekuja.

Basi ile Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, Ndanu aliingia darasani na zawadi.

Alikuwa amejirekodi. Masomo yote, moja baada ya jingine, amejifunika blanketi kichwani ili mlio wa chapati usiingie. Alitaka Kyalo afumbe macho kwa sauti yake yeye, si ya mwanamke asiyemjua. Simu ilipokataa kwa kujaa, alifuta yale ya zamani ili apate nafasi. Jambo moja tu lilimtia baridi aliposikiliza alichorekodi. Kila mwisho wa sentensi, yeye naye alikuwa anasita. Palepale. Kama kuna mtu ndani ya blanketi anamshika ulimi.

"Leo nimewaletea kitu kipya," alisema, akabonyeza simu.

Sauti yake ikajaa chumba. Loise, mama mtu mzima mwenye pengo la jino na ndoto ya kumtunza mzee tajiri, akapiga paja. "Mwalimu, si huyo ni wewe? Haki umekuwa mzungu na hata hukutuaga."

"Nyamaza tusikie," mwenzake akamwambia.

Ndanu hakuwasikia. Alikuwa anamtazama Kyalo, na Kyalo alikuwa amefumbua macho.

"Haya, Kyalo. Anza wewe."

Kyalo alisema sentensi yote. Hakukosea. Aliisema kama mtu aliyelelewa nayo, na kabla ya neno la mwisho akasita kidogo, akalimaliza. Kisha akasema ya pili, na ya tatu, bila kuambiwa, kama mtu anayetapika.

"Wee," Loise akasema polepole. "Kumbe unajua."

"Mwalimu," Kyalo akasema. "Ile ingine iko wapi?"

"Ile gani?"

"Ya yule msichana."

"Nimeitoa. Simu ilikuwa imejaa."

"Umeiweka wapi?"

"Sikuiweka mahali. Nimefuta."

Kyalo aliinuka, akapapasa benchi nyuma yake kama kipofu, akaketi tena.

"Kuna mwenye alichukua? Kwa kompyuta? Kwa simu ya mtu?"

"Kyalo, ilikuwa hapa tu. Ile shule ilifungwa. Ni nini?"

Kyalo aliendelea kuitazama simu. Ndanu akawaambia wengine waende, watakutana Jumatatu. Walitoka wakivuta miguu, wote isipokuwa Loise, ambaye ghafla aligundua kwamba mkoba wake unahitaji kupangwa upya pale mlangoni.

"Ni nani?" Ndanu aliuliza walipobaki. Kifua chake kilikuwa kimeshajua. Mdomo ndio ulikuwa unachelewa.

"Anaitwa Nzilani."

Anaitwa, alisema.

"Tulikuwa tunakaa Mlolongo, karibu na pale malori yanapimwa. Kazi yake ilikuwa hiyo ya kusoma Kiingereza akijirekodi. Alikuwa anaingia ndani ya kabati ya nguo, anafunga, anasoma na tochi, juu malori haikuwa inanyamaza. Nikitoka kazini napata nyumba imenyamaza, najua ako kwa kabati." Alijaribu kutabasamu. "Ule mlango mwishoni mwa lile somo, ule unasema tusikilize. Ni mimi. Nilikuwa naingia. Aliniambia nimeharibu kazi, arudie yote. Lakini alikuwa amechoka, akaacha hivyo."

Ndanu alikaa. Mara ngapi aliwaambia watu wasikie mlango ule. Alidhani ni mtu anatoka.

"Amekufa," alisema.

"Kifua. Tulidhani ni homa tu."

"Na simu yake? Picha?"

"Ndugu zake walikuja wakabeba kila kitu. Hata mito. Nilikuwa nimesimama hapo kwa mlango nikiwasaidia kushusha. Ningewaambia nini? Mimi ni nani kwake?"

"Kwa hivyo ulikuwa unakosea makusudi."

"Ndiyo."

"Siku zote hizo. Watu wakikucheka. Mimi nikijifanya mwalimu, narudisha mwanzo, narudisha mwanzo, kumbe nakuchezea bibi yako."

"Ndanu."

"Usiniite. Nilidhani unanisikiliza mimi."

Kyalo aliangalia mikono yake. "Mwanzo nilikuja kwa sababu ya yeye. Nilipita hapo nje kununua chapati nikamsikia nyuma ya ukuta. Niliacha chapati kwa meza. Nilidhani nimerukwa na akili. Nikajiandikisha hiyo siku. Halafu kuna siku nilikuja nikajua nimekuja kwa sababu yako. Yeye alikuwa bado hapa. Sikujua nitawatenganisha aje. Nikiambia wewe, utaacha kuicheza. Nikinyamaza, nawakosea wote wawili."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nimezoea."

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna ile inayokaa chini na kuuliza maswali. Ya Ndanu ilikuwa hiyo ya pili. Alijua huyu mwanamume hasemi uongo. Alijua pia kwamba kuna kitu kimebaki hakijasemwa, na kilikuwa kimekaa katikati yao kama harufu.

"Kwa nini ulikuwa huna jina kwake?" aliuliza. "Ulikosa mbuzi?"

"Nilinunua. Haki ya Mungu nilinunua. Nikawapeleka kwa uncle Bartholomew awalishe, tupange siku. Yeye ndiye mzee wetu, bila yeye hakuna safari. Akasema Krismasi. Krismasi ikafika, akasema mvua. Mvua ikaisha, akasema hamwelewi msichana mwenye kazi yake ni kuongea Kizungu ndani ya kabati, mke wa namna gani huyo. Nzilani alikuwa anacheka. Alikuwa ananiuliza, mbuzi wangu hawajambo? Kila jioni. Mbuzi wangu wameshiba?" Akajishika magoti. "Alipokufa nilimwambia uncle twende hata sasa, nimzike kama mtu wangu. Akasema mbuzi hawapelekwi matangani."

"Wako wapi?"

"Nani?"

"Mbuzi wa Nzilani, Kyalo. Wako wapi leo?"

Aliangalia sakafu.

"Kesho uncle wako analeta mbuzi gani hapa?"

"Anasema mbuzi ni mbuzi."

"Nimekuuliza gani?"

"Ni hao."

"Rudia hiyo," sauti ikasema mlangoni.

Mutheu alikuwa amesimama na unga mikononi, Loise nyuma yake na mkoba usiokwisha kupangwa.

"Mwaitu, ngoja kidogo," Ndanu akamwambia mama yake.

"Singoji. Nimeita dada zangu. Nimetafuta mchele ya kesho mpaka kwa watu sisalimiani nao. Na hawa wananiletea mbuzi ya mtu amekufa? Wakanyage hapa kwangu, tuchinje, tule, mtoto wangu aitwe mke?" Akamgeukia Kyalo. "Na wewe. Nimekulisha kama mtoto yangu. Kumbe uko na bibi."

"Alishakufa, mama."

"Amekufa wapi? Si nilikuwa namsikia kila siku hapa nyuma ya ukuta? Mimi Kizungu sijui. Lakini nikipindua chapati nilikuwa najua huyo mwanamke anaaga mtu. Nilikuwa nasema moyoni, anaaga nani huyu, kila siku anaaga na haendi?"

Simu ya Kyalo ikalia mfukoni. Aliitoa, akaona jina, akataka kuizima.

"Shika," Mutheu akasema. "Weka tusikie sote."

Sauti ya mjomba Bartholomew ilitoka imechangamka, ya mtu aliyekwisha kuonja nyama ya kesho. "Bwana arusi. Niaje? Nimeongea na mtu wa pikapu. Uwaambie hao watu wetu wa Mumbuni tukifika tusikalishwe kwa jua."

"Uncle, hao mbuzi ni wa Nzilani."

"Wa nani?"

"Wa Nzilani."

"Kyalo, usianze. Mbuzi haina jina. Na unajua wamezaa? Hiyo si baraka? Tunabeba wakubwa, wadogo wanabaki na mimi, si nimewalisha?"

Mutheu akainamia simu. "Hujambo mzee."

"Nani huyo?"

"Mama Ndanu."

"Aaa, mama yetu," sauti ikalainika kama siagi. "Nilikuwa tu namwambia huyu kijana vile tunaheshimu mwalimu. Msichana amesoma, si kama wale wengine wa Mlolongo."

"Kesho usikuje."

"Mama, hayo ni maneno ya watoto. Sisi ni watu wazima."

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Yule mwingine alikataliwa juu anajua Kizungu, wangu anapendwa juu anajua Kizungu. Sasa nikuulize, mzee. Ni Kizungu ndiyo ilikuwa mbaya, ama wewe ulikuwa unapenda mbuzi wakae kwako?"

Loise alikohoa ndani ya kiganja.

"Huyo msichana alizikwa," Bartholomew akasema, siagi yote imeisha. "Maneno yake iliisha huko."

"Haikuisha," Kyalo akasema.

Alikuwa amesimama. Ndanu hakuwa amewahi kumsikia akimkatiza mtu.

"Haikuisha, uncle. Mimi nakuja kuwachukua. Wakubwa na wadogo. Nawapeleka Katelembo."

"Na nani?"

Kyalo akamtazama Mutheu, kisha ukuta.

"Nakuuliza na nani? Kijana atajipelekea ntheo kama mtu anapeleka maziwa? Wathome akuulize ukoo wako uko wapi, utamwonyesha nani, hao mbuzi? Mimi siendi. Na nikisema siendi, hakuna mzee wa huku ataenda. Jaribu uone." Simu ikakatika.

Mutheu alijipangusa mikono kwenye leso, akarudi kwenye moto wake. Alipompita bintiye alimgusa bega, unga ukabaki pale.

Loise ndiye aliyebaki mlangoni, na safari hii hakujifanya anapanga mkoba. "Mwalimu," alisema, "mimi sitaki kuingilia. Lakini huyo msichana, mimi nimemfuata sana. Hata nyumbani watoto wananicheka, mama leo unaongea na nani. Naweza kumsema."

"Kumsema aje?"

Loise akafumba macho, akakunja mikono tumboni kama mtu wa kwaya. "Leave the light on," alisema. "I'll be back in a..." na akasita. Si kwa kusahau. Alisita pale Nzilani alipokuwa akisita, urefu uleule, pumzi ileile. "Minute."

Ilitoka kwenye mdomo wenye pengo, wa mama aliyelea watoto kwa kuuza nyanya, na ilikuwa yeye. Kyalo alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Ndanu alisimama kati yao. Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa wivu, mkali kama pilipili jichoni. Alitaka kumwambia Loise atoke. Alitaka mwanamke huyu aishe, mahali fulani, aishe kabisa, ili na yeye apendwe katika chumba kisicho na mtu mwingine.

Halafu akakumbuka yale maneno. Mbuzi wangu wameshiba? Kila jioni. Mwanamke amesimama jikoni Mlolongo, bado ana pumzi, anauliza habari za jina lake mwenyewe.

"Asante, Loise," alisema. "Nenda nyumbani."

Loise akaenda.

"Nisamehe kwa kufuta," Ndanu akasema.

"Hukujua."

"Sikujua. Nisamehe hivyo hivyo." Alivuta kiti chake cha mwalimu, akakiweka mbele ya Kyalo, akaketi wima. "Sasa. Ukifika kwa Mzee Wathome utasema nini?"

"Sijui."

"Basi hutoki hapa. Simama. Mimi ni Mzee Wathome. Nimekaa nje kwangu. Naona kijana amekuja na mbuzi. Namwuliza, wewe ni nani?"

"Ndanu, usinifanyie hivi."

"Wewe ni nani?"

Kyalo alisimama. Vumbi jeupe lilikuwa limefanya mistari mashavuni mwake. "Mimi naitwa Kyalo. Mimi ni yule, tulikuwa tunajuana na—"

"Aiee. Hata mbuzi hawawezi kukuamini. Tena."

"Mimi ni rafiki ya marehemu."

"Rafiki? Rafiki ndiye hurusha udongo? Tena."

"Mimi ndiye tulikuwa tunakaa na yeye Mlolongo."

"Mwenye nyumba pia alikuwa anakaa na yeye Mlolongo. Wewe ni nani wake?"

Neno lilimkwama. Ndanu alikuwa ameona watu wazima wakikwama hivyo kila wiki kwa lugha ya wageni, na dawa alikuwa anaijua moja tu.

"Nifuate," alisema. Hakusema kwa Kiingereza, wala kwa Kiswahili. Alisema kwa Kikamba, lugha ambayo Mzee Wathome angeulizia. "Mimi ni mume wa Nzilani."

Kyalo alimtazama. Ukitaka kujua mapenzi yana sura gani, tafuta mtu aliyekuwepo pale akueleze mtazamo ule.

"Sema."

"Mimi ni mume."

"Maliza."

"Mimi ni mume wa Nzilani."

"Umesema kama mtu anaomba. Usiombe. Sema kama unataja mlima. Tena."

"Mimi ni mume wa Nzilani."

"Tena."

Walikaa hivyo, mwalimu na mwanafunzi wake. Chapati zilikuwa zinalia upande wa pili wa ukuta. Kila aliporudia, kitu kilimchoma Ndanu mahali palepale, na kila kilipomchoma alisema tena. Angeweza kuacha maneno yabaki na ulemavu wao. Nani angemlaumu? Hakuacha. Aliyanyoosha moja moja mpaka yakatoka mepesi, bila kukwaruza, kama jambo lililokuwa kweli tangu zamani na likangoja tu mtu wa kulisema.

"Sasa umeweza," alisema. Sauti yake ilikuwa imeisha.

"Na wewe?" Kyalo akauliza. "Mimi na wewe?"

"Mimi siwezi kujibu mtu mwenye yuko njiani kwenda kwa bibi yake."

"Nikirudi?"

Alitaka kumshika uso. Alishika mgongo wa kiti. "Ukirudi utanikuta nafundisha. Utakaa kwa benchi kama wengine. Hapo ndipo utaniuliza, na mimi nitafikiria kama nakutaka. Leo sikutaki. Leo nenda."

"Kesho asubuhi."

"Leo, Kyalo. Wamengoja vya kutosha."

Akatoka. Mutheu alimwona akipita, akafunga chapati kwenye gazeti, akamsukumia mkononi bila kumtazama. Ndanu alibaki kwenye kiti mpaka aliposikia lango la ploti likijibamiza. Ndipo alipolia, kwa mdomo uliofungwa, ili mama yake asije.

Umeyasikia yote. Sasa nisikilize wewe, maana Ndanu hawezi kufuata; hana nafasi katika msafara ule, na alichoweza kutoa amekitoa mpaka chini. Kyalo ameshatoka Mua. Bartholomew amemfungulia zizi kwa matusi. Anashuka na mbuzi barabarani, wakubwa kwa kamba, wadogo wakimfuata miguuni, na vijana wa bodaboda wanamuuliza anauza bei gani. Jua bado liko juu. Maneno anayo na anayajua. Lakini akifika peke yake langoni kwa Wathome, mzee huyo atafanya kile ambacho mila inamruhusu: atauliza ukoo wako uko wapi, atangoja kidogo kwa heshima, na atafunga. Binti yake atabaki mgeni wa kila mtu, ndani ya udongo wa baba yake.

Linatakiwa jambo dogo tu. Mtu mzima mmoja wa kusimama mbele ya kijana huyo na kusema tumekuja. Usiniambie si ukoo wako. Kuna Kyalo katika ukoo wako pia, na kuna Bartholomew, na unawajua kwa majina. Weka kitabu hiki chini. Vaa koti lako. Mpate kabla hajafika Katelembo, na ukimpata usimuulize maswali. Shika kamba ya mbuzi mmoja, utangulie.